Mbwa kwenye kiti cha meno, na woga tunaoupanda nyumbani

Daktari wa meno, niko Chicago, Marekani. Kliniki ya meno ya binti yangu wa miaka 6 imeniuliza kama nataka mbwa amlalie miguuni akitibiwa. Nikubali?

Kubali, ila uliza maswali kwanza. Mbwa wa kazi hii awe amepimwa tabia, amechanjwa, ni msafi, na msimamizi wake asibanduke chumbani. Uliza anakaa wapi mashine inapochimba na mate yanaruka. Uliza kama mtoto atanawa mikono baadaye. Wakibabaika, kataa. Na kama binti yako ana pumu au manyoya yanamdhuru, sema mapema, wasije wakagundua kitini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliandika kulihusu miaka ya 1960 baada ya kuona mtoto aliyejitenga na watu akimkunjukia mbwa wa Levinson mwenyewe, Jingles. Mtoto anapata joto miguuni, na mkono unapata cha kushika badala ya kung'ang'ania kiti. Lakini kinachozuia maumivu ni ganzi. Mbwa asije akawa kisingizio cha kuchimba jino bila ganzi ya kutosha.

Mbwa wetu hapa Arusha ni mpole sana. Nije naye kliniki kwako?

Hapana. Na kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa imepitwa na wakati, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Akimng'ata mtoto, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali.

Sisi wa Tanga ni Waislamu, mate ya mbwa kwetu ni najisi. Watoto wetu wakose faraja hiyo?

Hawakosi kitu. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii anayejua kuosha mara saba, moja kwa udongo, kilichoguswa na mate ya mbwa, sitamwambia apuuze hilo kwa sababu ya jino. Kliniki kwangu sina mbwa na watoto wanatulia. Namwambia mtoto nitakachofanya, namwonyesha, ndipo nafanya. Brashi inayozunguka naigusisha kwanza kwenye ukucha wake. Anahisi mtekenyo, anacheka, anaomba ukucha wa pili. Kioo kidogo anashika mwenyewe tukihesabu meno. Tukiafikiana kwamba akinyoosha mkono nasimama, basi nasimama kweli, hata kama foleni imefika mlangoni.

Meno ya utoto si yatang'oka tu? Ya nini kuyaziba?

Nimelijibu hili mara nyingi mno. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Unataka mwanao atafune kwa maumivu miaka yote hiyo? Mlete kabla hajatimiza mwaka mmoja, wakati hana kinachomuuma. Na anayekwambia mtoto mchanga ana "meno ya plastiki" yatolewe, mkimbie. Anachokwangua kwenye ufizi ni chipukizi za meno halali, na watoto wamekufa kwa hilo.

Namtishia mwanangu sindano ya daktari ili apige mswaki. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. Wiki iliyopita mtoto wa miaka 5 aliushika mlango wangu kwa mikono miwili. Mama yake akamwambia, "Nyamaza, nitamwambia daktari ayang'oe yote." Jino lililomleta lilikuwa na tundu dogo, la kuzibwa kwa dakika chache. Hatukuliziba. Siku hiyo tulihesabu vidole vyake tu, nikampa kioo akajitazama, wakarudi nyumbani. Nimewapangia Alhamisi, na nimemwomba mama asiitaje sindano mpaka hapo.