Visima vya mita 60 kwenye matuta ya Shela: tuwaulize nini washauri?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kamati ya maji huku Shela, Lamu. Kampuni ya washauri wa uhandisi imetuletea pendekezo la visima vinne vya mashine kwenye matuta ya mchanga, kila kimoja mita 60 kwenda chini, kitoe lita 10,000 kwa saa. Wanasema wamehudumia idara za serikali na miji ya jangwani inayokua kwa kasi, Tucson ya Marekani ikiwemo. Tuwaulize nini kabla ya kupitisha?

JIBU: Wa aleikum salaam, Bwana Katibu. Msilipitishe lilivyo. Waulizeni kwanza wameipata wapi hiyo mita 60.

Maji matamu ya Shela hayakukalia mwamba, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoupenya mchanga kutoka pande zote. Maji ya bahari ni mazito kidogo tu, kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo dhidi ya 1,000 za maji matamu. Kwa tofauti hiyo, kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban sentimita 40 chini yake. Tuseme maji kisimani yamesimama sentimita 30 juu ya usawa wa bahari. Basi mkishuka mita 12 chini ya usawa huo mmeshafika chumvini, na kabla ya hapo mtapita ukanda wa maji ya mchanganyiko. Hata mashine ikisimama juu ya tuta la mita 15, kisima cha mita 60 kitaishia mita 45 chini ya bahari.

Kiasi cha kuvuta ni tatizo la pili, na hili ndilo huwaponyoka wengi. Pampu ikivuta, maji chumvi yaliyo chini huinuka kama pia ya watoto iliyogeuzwa, ncha juu, kuelekea kisimani. Chukueni mfano uleule, kisima kiishie mita 2 chini ya usawa wa bahari, yaani mita 10 juu ya chumvi, na mchanga upitishe maji mita 10 kwa siku. (Tarakimu hizi ni za mfano, za Shela lazima zipimwe.) Mkivuta lita 2,000 kwa saa mchana na usiku, hesabu ya kawaida inatoa mwinuko wa kama mita 3. Mkivuta 10,000 inatoa mita 15, na nafasi ni mita 10 tu. Kwa kweli pia hiyo ya chumvi huanza kuyumba ikifika kati ya robo na nusu ya nafasi, kwa hiyo hata zile lita 2,000 ziko ukingoni. Wala haihitaji chumvi nyingi kuharibu kisima: ndoo 2 za bahari ndani ya ndoo 100 huongeza kloraidi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, kama miligramu 380 kwa lita, wakati ladha huanza kusikika karibu na 250. Na mkizima pampu maji hayarudi kuwa matamu kesho yake. Mtangoja misimu ya mvua.

Uzoefu wao wa jangwani ni wa kweli, ila ni wa ardhi nyingine. Lamu hupata mvua karibu mara tatu ya Tucson. Kule kinachokosekana ni mvua, lakini bonde lina mchanga na changarawe wa kina kirefu wa kuwekea maji. Arizona, jimbo lenye Tucson, ilitunga sheria ya maji ya chini ya ardhi mwaka 1980, na Tucson sasa humwaga maji ya mto Colorado, yaliyosafiri mfereji wa kama kilomita 540, kwenye mabwawa ya Avra Valley yazame ardhini, kisha huyavuta tena. Kwenu mvua ipo. Nafasi ya kuyaweka ndiyo finyu. Ukiyamwaga maji kwenye mchanga wa Shela, mengi yatatokea ufukweni.

Kuna somo moja la Tucson linalowahusu moja kwa moja. Mwaka 1992 mji uliingiza maji ya Colorado kwenye mabomba yaliyozoea maji ya visima. Kemia ilibadilika, kutu ya miaka mingi ikabanduka, bombani yakatoka maji ya rangi ya kahawia, na 1994 mpango ukasimamishwa. Siku mkileta Lamu maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, ulizeni kama yatapitishwa kwenye chokaa kabla ya kuingia mabomba ya chuma. Yakiingia matupu, bila madini, yatayala mabomba hayo.

Sasa majaribio. Andikeni kwenye hadidu za rejea: kisima kimoja cha majaribio, na mabomba mawili ya uchunguzi, la mita 5 na la mita 20 kutoka kisimani, moja lifike kwenye ukanda wa mchanganyiko. Wavute kwa hatua za lita 1,000, 2,000 na 3,000 kwa saa, kisha saa 72 kwa kiasi kimoja, wakipima kimo cha maji na chumvi kisimani na kwenye mabomba yote mawili. Kabla ya hapo wapime kimo siku 15 mfululizo ili wapate bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) na maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo); anayepima wakati wa maji mafu peke yake hudanganywa na bahari. Msimu ni mwisho wa kaskazi, Machi, kabla ya masika. Kipima chumvi, kinachopima maji yanavyopitisha umeme, kikipita mikrosimenzi 1,500 kwa sentimita, jaribio lisimame. Bahari yenyewe ni kama 50,000.

Huenda jibu likawa visima vingi vifupi vya kuvuta polepole, vilivyoachana mbali, au bomba la plastiki lenye nyufa zisizozidi nusu milimita, lililolazwa chini kidogo ya kimo cha chini kabisa cha maji na kuzungushiwa kokoto ndogo. Bomba hilo huvuta kwa urefu badala ya nukta moja. Ugumu wake ni kuchimba: mtaro wa mchanga mwororo hubomoka, na fundi asiyeweka mbao za kuzuia kingo atajizika.

Kwenye mkataba, daftari ghafi la vipimo liwe mali yenu na malipo ya mwisho yategemee kukabidhiwa. Anayesanifu asiwe ndiye muuza pampu. Na idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji itoke kabla mashine haijapanda jahazi.