Bei Ile Ile, Pakiti Nyembamba: Majibu kwa Maswali Yenu

Nanunua kwenye duka la bei moja na bei haijapanda. Mbona sabuni inaisha mapema kuliko zamani?

Sabuni ndiyo iliyopungua. Mwenye duka akishatangaza kuwa kila kitu ni bei moja, gharama zikipanda hana pa kuzipeleka ila kwenye ujazo au ubora. Geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Kama zamani ilikuwa gramu 500 na sasa ni 400 kwa pesa ile ile, usidhani umepunjwa asilimia 20 basi: kila gramu imekupandia kwa asilimia 25. Gawa bei kwa gramu au mililita hapo hapo mbele ya rafu, kisha linganisha na pakiti kubwa ya duka la kawaida. Mara nyingi ile uliyoiona ghali ndiyo nafuu. Usione haya kutoa simu na kupiga hesabu. Pesa ni yako.

Hiyo bei moja itadumu?

Mfumuko wa bei ukikaa sana, haidumu. Frank Woolworth alifungua duka lake la senti 5 huko Marekani mwaka 1879, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1930 kampuni yake ilikuwa imeachana na kikomo cha bei. Dollar Tree nayo, maduka ya Marekani yaliyojulikana kwa kuuza kila kitu dola 1, pamoja na jina lake, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inahama kutoka dola 1 kwenda dola 1.25. Binafsi naona hilo ni afadhali kuliko kupunguza ujazo kimya kimya. Bei iliyopanda unaiona na unaamua.

Kipi nisinunue cha bei rahisi hata nikibanwa?

Chaja, nyaya za umeme na dawa. Madaftari, bahasha na vibanio vya nguo chukua tu.

Nitajuaje kama mchuuzi wa barabarani ananipunja?

Akipima kwa kopo, omba uligeuze. Kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kinakula sehemu ya mali yako kila kipimo. Akipima kwa mizani, tazama mshale umesimama kwenye sifuri kabla hajaweka kitu. Uliza kwa upole, maana wengi wao ni waaminifu na muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Akifoka, nenda kwa mwenzake.

Je, ni vibaya kuomba kupunguziwa wakati kila mtu ana hali ngumu?

Kupatana bei si vibaya, kumlalia mtu ndiko kubaya. Mchuuzi naye ananunua jumla kwa bei iliyopanda, na mtaji wake ni ule uliotandazwa pale chini. Ukinunua vingi, omba nyongeza badala ya punguzo. Kwake ni rahisi zaidi kutoa. Bidhaa zinazoharibika haraka zifuate jioni, kwani saa hizo yeye mwenyewe anataka ziishe. Lakini kumkomalia nusu saa kwa sarafu moja, halafu ukaingia dukani ukalipa bila neno, mimi siafiki.

Wanatangaza mfumuko wa bei umeshuka. Mbona bei hazijashuka?

Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinakuwa 110. Mwaka unaofuata mfumuko ukiwa asilimia 3, kinafika 113.3, hakirudi 100. Kwa hiyo ukidai nyongeza ya mshahara ukajibiwa kuwa mfumuko umeshuka, usikubali. Piga hesabu kuanzia bei za siku ile mshahara wako ulipopandishwa mara ya mwisho.