Barua kwa mwanangu: vidonge vikikuishia ugenini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, ukiwa masomoni nje, vidonge vya majira vikikuishia au likitokea la kutokea, uanzie wapi, na wewe mkononi una bima ya wanafunzi tu na lugha ya watu bado unajifunza. Nimefurahi umeuliza kabla ya kupanda ndege. Miaka yote hii ya uuguzi kliniki ya uzazi wa mpango, wengi wananijia siku ya nne baada ya tukio.

Na siku ya nne ni tatizo. Kondomu ikipasuka, au mtu akikulazimisha (Mungu apishe mbali), vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, levonorgestrel, vinywe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, maana kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Vipo vingine, ulipristal, vinavyotumika hadi siku 5. Kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi, kikiwekwa ndani ya hizo siku 5 kinashinda vyote, ila upate wa kukuwekea. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU, nazo zianze ndani ya saa 72, kisha unazimeza siku 28 mfululizo. Kwa hiyo usingoje Jumatatu kliniki ifunguliwe. Nenda idara ya dharura ya hospitali, taja PEP na saa tukio lilipotokea. Ulikuwa na nani na kwa nini, hayo si ya kumwambia mtu wa mapokezi.

Ila ujue sheria ya pale ulipo. Zipo nchi ambako kufanya mapenzi nje ya ndoa ni kosa la jinai, na aliyebakwa akienda polisi peke yake anaweza kugeuziwa kibao. Huko, ukishajiokoa, pigia ubalozi kwanza. Kutoa mimba vilevile: Marekani, tangu 2022, kinachoruhusiwa jimbo moja kinaweza kukufikisha mahakamani jimbo la pili.

Sasa vidonge vyenyewe. Chukua pakiti yako uigeuze. Jina kubwa la mbele ni la kampuni, na ukivuka mpaka linaweza kuwa halijulikani. Soma yale maandishi madogo: levonorgestrel mikrogramu 150, ethinylestradiol mikrogramu 30. Hayo ndiyo ya kunakili, herufi kwa herufi, na kumwonyesha mfamasia. Beba akiba ya miezi kadhaa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, kwa sababu nchi nyingine hawakuuzii bila cheti. Saa za huko zikitofautiana na za hapa, meza mapema kuliko kuchelewa. Ukitapika ndani ya saa 3 tangu umeze, meza kingine.

Mimi ningekuwa wewe ningeweka kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, nikasahau habari ya maduka ya dawa. Kuna cha miaka 3 na vya miaka 5. Lakini kiwekwe miezi michache kabla ya safari, maana hedhi hubadilika, na ni heri ikusumbue ukiwa karibu na aliyekuwekea. Mwili ni wako, amua mwenyewe. Kijiti hakizuii magonjwa ya zinaa, kondomu iko palepale.

Kuhusu bima, usidanganyike na kurasa za mbele. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Uzazi wa mpango na ujauzito mara nyingi vimejificha humo. Kisha uliza kituo cha afya cha chuo, maana pengine huduma ni bure na hata bima huihitaji. Uingereza, kwa mfano, mgeni hatozwi kwa kupimwa wala kutibiwa magonjwa ya zinaa, na tangu 2012 hata matibabu ya VVU ni bure kwake. Ukihitaji mkalimani, omba wa hospitali. Usimtumie mwanafunzi mwenzako.

Nitumie hizo karatasi za bima jioni hii, zote, hata zile kurasa za maandishi madogo, tuzipitie wote kwa simu.

Mama yako