Maswali na Majibu: Logibuku Haihesabu STI

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya magari ya kasi yanayouzwa kama "adimu", hasa Subaru za STI, yaani matoleo yake ya kasi, na mengi yametumwa baada ya mtu kulipa amana. Jamani, ulizeni kabla.

Kuna Impreza 22B ya milango minne Kiambu. Ziko ngapi Kenya? (Ruaka)

Hiyo si 22B. Mwaka 1998 Subaru iliuza 400 Japani, 16 zikaenda Uingereza na 5 Australia. Zote zina milango miwili.

Dalali anasema kwa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, Forester STI hazifiki kumi nchini. Nithibitishe vipi? (Rongai)

Hakuna rekodi ya namna hiyo. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, huandika Subaru, Forester, aina ya bodi, mwaka, cc, nambari ya chesisi na ya injini. Toleo haliandikwi, kwa hivyo hesabu haiwezekani. Hata KNBS, shirika la takwimu la taifa, hupanga magari yaliyosajiliwa kwa aina ya bodi: saluni, pikapu, lori. Anayekutajia idadi anakupandishia bei tu.

Kagua gari lenyewe. Kwa Forester STI ya Japani ya kizazi cha pili, nambari ya chesisi huanza na SG9. SG5 si STI hata ikiwa na tabo. Injini ni cc 2457, na logibuku ikisema cc 1990, funga boneti uende zako. Gia ni sita za mkono, otomatiki haikutengenezwa. Breki ni Brembo, pistoni nne mbele na mbili nyuma. Lala chini uangalie difu ya nyuma: iwe R180, si R160 ile ndogo. Beji, viti na bampa usivihesabu, hivyo vinanunuliwa Kirinyaga Road kwa asubuhi moja. Kisha pitisha kidole kwenye nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye bati. Ukihisi alama ya kuchomelea au rangi nene pembeni, hilo bati limetoka gari lingine.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha toleo langu limebaki magari 40. Nipandishe bei? (Parklands)

Usipandishe. Uingereza gari lililotangazwa SORN, yaani haliendeshwi barabarani, huhesabiwa kando. Toleo moja huandikwa kwa majina matatu manne, na mengi yaliyotoka Japani husajiliwa bila jina la modeli. Hiyo 40 ni mstari mmoja tu wa jedwali.

Hapa kwetu kinachoamua ni kanuni ya miaka minane: gari lililozidi umri huo haliingizwi nchini. Impreza ya zamani, yenye chesisi ya GC8 au GDB, haiwezi kuingizwa tena, kwa hivyo zilizopo zinapungua tu: zinagongwa, zinachinjwa kwa spea. Logibuku ya gari lililochinjwa ikibaki kabatini bila usajili kufutwa, gari linaendelea kuhesabiwa. Mtu akikuuzia logibuku bila gari, kataa. Karatasi kama hizo ndizo huvishwa magari ya wizi.

Nambari ya KBA ni ushahidi kwamba gari ni la zamani?

Herufi zinaonyesha lilisajiliwa lini Kenya, si lilitengenezwa lini.

WRX S4 ni STI? (barua kadhaa)

Hapana, na tumeshajibu. Chesisi ikianza na VAG ni S4: injini ya FA20 na gia za CVT, yaani otomatiki. VAB ni STI: injini ya EJ207 na gia sita za mkono. Herufi tatu, someni.

Nikiweka EJ207 kwenye WRX yangu ya GDA, naweza kuiuza kama STI? (Embakasi)

Huo ni ulaghai. Isitoshe, giaboksi ya gia tano ya GDA haihimili nguvu hiyo ukiondoka kwa fujo. Meno ya gia huvunjika. GDB, yaani STI yenyewe, ilipewa gia sita, difu na breki za kuhimili.

Ukibadilisha injini, weka risiti, omba NTSA irekebishe rekodi, gari likaguliwe, na uiarifu bima kwa maandishi. Bila hayo, siku ya ajali nambari ya injini haitalingana na logibuku na fidia itakwama. Kwenye tangazo andika "GDA yenye EJ207". Wapo wanaotafuta gari la hivyo na watalilipia.