Kwa nini 2022 Azimio haikuuzika Mlima Kenya

Mleta uzi, umeuliza inakuwaje mgombea mwenye pesa, helikopta na rais aliye madarakani upande wake ashindwe kuwashawishi watu. Nakujibu kwa uchaguzi wa Kenya wa 2022, maana niliipigia debe Azimio, muungano wa Raila Odinga, nyumba kwa nyumba huko Murang'a, eneo la Mlima Kenya.

Mpiga kura huangalia kwanza nani anasema. Mwaka 2013 na 2017 Uhuru Kenyatta alizunguka mlimani akiwaonya watu dhidi ya Raila Odinga, na akiahidi kuwa akimaliza miaka yake 10, naibu wake William Ruto naye atapata 10. Watu wakamwamini, wakapanga foleni alfajiri kwenye baridi. Kisha ikaja handisheki ya Machi 2018, Uhuru na Raila walipopatana, na 2022 tukarudi kwa watu wale wale na ujumbe wa kinyume: mchagueni Raila, si Ruto. Mama mboga mmoja sokoni aliniuliza, "Mlitudanganya wakati ule au mnatudanganya sasa?" Ukisema ni wakati ule, umemvunjia heshima aliyekutuma. Ukisema mambo yamebadilika, atataka kujua kwake yamebadilika nini. Naamini hata tungeongezewa pesa mara tatu, swali lile lingebaki palepale.

Ruto hakuwaambia walikosea. Aliwaita mahasla, yaani wapambanaji wa kipato cha chini, akawapa toroli kama alama ya chama, na hasira yao akaipa haki. Sisi tulikuwa bado tunatetea BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kubadili katiba, ambao Mahakama ya Juu ilikuwa imeuzima Machi mwaka huohuo, na tunaahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Ahadi hiyo naiunga mkono hadi leo. Lakini pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200, na rais aliyekuwa ofisini, Uhuru, ndiye aliyetuunga mkono. Mtu akituuliza mbona hatuanzi leo, tutamjibu nini? Julai, wiki chache kabla ya kura, serikali ikatangaza unga uuzwe shilingi 100. Watu wakaenda madukani, wengi wakaukosa. Afadhali tangazo lile lisingetolewa kabisa.

Kuhusu Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila, sina maneno mengi. Ni mzaliwa wa Kirinyaga, alikuwa mbunge wa Gichugu tangu 1992 hadi 2013, na wanawake niliozungumza nao walimheshimu kwa dhati. Ila kura waliihesabu kuwa ya Raila. Ruto alishinda hata Kirinyaga, tena kwa mbali.

Kinachoniuma zaidi ni Pwani. Nchi nzima Ruto alipata asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti ya kura kama 233,000. Waliojitokeza walikuwa asilimia 65 hivi, pungufu sana kuliko Agosti 2017. Mombasa, ambako Raila alipendwa bila kubembelezwa, hawakufika hata nusu ya waliojiandikisha. Ni kweli uchaguzi wa gavana uliahirishwa huko dakika za mwisho, na hilo liliwavunja watu moyo. Lakini miezi mizima nguvu, magari na wasemaji walimiminwa mlimani kumbadili mtu aliyekwisha kuamua, huku anayetupenda akiachwa ajipeleke kituoni mwenyewe. Kama unaandaa kampeni ya 2027, hata ya udiwani, chukua sajili ya wapiga kura, tafuta vituo ambavyo watu wako hawakujitokeza, uanzie huko.