Ampea za Volti 12 Kwanza, Kadi Baadaye

Barua za safari hii karibu zote zinaanza na "nimeshanunua kadi", yaani kadi ya picha ya kuchezea gemu. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inanunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki, halafu lawama zinaiendea kadi. Haya, tuanze.

*Nimepata RTX 3080 iliyotumika. Pawa saplai yangu ni ya 600W. Itatosha?* (Kampala)

Hiyo 600W umeisoma wapi? Kama ni zile herufi kubwa ubavuni, hilo ni tangazo. Tafuta jedwali dogo kwenye lebo, usome safu ya +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula karibu chakula chao chote hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai nyingi za bei ya kutupa zinazouzwa kama 500W au 600W zina ampea 18 tu: wati 216. Kadi yako peke yake ni wati 320, karibu ampea 27. Ukikuta 12V1 na 12V2, yaani volti 12 iliyogawanywa njia mbili, usizijumlishe. Angalia jumla ya juu iliyoandikwa chini yake, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko hesabu yako. Na lebo isiyo na jedwali kabisa, iache dukani.

Hesabu yenyewe ni hii: kadi 320, prosesa kama Ryzen 5 5600X wati 76 ikibanwa, vilivyobaki (diski, feni, ubao mama) 80. Jumla 476. Zidisha kwa moja na nusu, unapata 714, kwa hiyo unanunua ya 750. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 750 kwa kadi hiyo. Ile nusu ya ziada si woga. Kadi za aina hii huruka juu sana ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai dhaifu haisamehe.

Ukiwa dukani, soma pia maandishi madogo kwenye ganda la nyaya. AWG ni kipimo cha unene wa waya: 18AWG ni sawa. 20AWG ni nyembamba zaidi, ingawa namba ni kubwa. Hapo wengi hudanganyika.

*Nikiweka ya 850W, Yaka (umeme wa kulipia kabla) haitaisha haraka?* (Arua)

Hapana. Pawa saplai huvuta kile tu ambacho kompyuta inahitaji. Swali hili limejibiwa hapa mpaka limechakaa.

*Gemu ikianza tu, kompyuta inazima kama imechomolewa. Fundi anasema ni joto, nibadilishe pesti (ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa).* (Jinja)

Joto huchukua dakika, na kabla ya kuzima gemu huanza kukwamakwama. Inayozima papo hapo, tena ikakataa kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma na kusubiri kidogo, ni pawa saplai inayojikinga baada ya kuvutwa kupita uwezo wake. Ipime bila gharama: weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70, cheza nusu saa. Ikitulia, pesti haina kesi. Windows itakuonyesha kosa la Kernel-Power 41, lakini hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika ghafla, halisemi kwa nini.

Kabla hujanunua nyingine, fungua kasha uangalie nyaya za kadi. Kama ina matundu mawili ya pini 8 na umeyajaza kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, toa, weka nyaya mbili zinazotoka kila mmoja kwenye pawa saplai. Kila kichwa kimepangiwa wati 150, na kadi kubwa zikiminywa kwenye waya mmoja huanza vituko hivyohivyo. Na fundi anayetibu kila ugonjwa kwa pesti, mkwepe.

*Nina Dell OptiPlex 9020 ya ofisini. Nimeona adapta ya kutoa umeme wa SATA kwenda pini 8, nataka kuweka GTX 1660 Super.* (Mbale)

Usiweke. Plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, inabeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na wewe unataka ibebe njia ya wati 150. Plastiki huyeyuka, na wakati mwingine moto hushika. Tena mashine hiyo haitumii plagi ya pini 24 kwenye ubao mama, ina yake ya pini 8, kwa hiyo hata pawa saplai ya kawaida inahitaji adapta maalumu. Tafuta kadi isiyo na tundu la umeme kabisa: RTX 3050 ya GB 6 (wati 70), au GTX 1650 isiyo na pini 6, maana ziko za aina zote mbili. Kama mashine yako ni ile nyembamba, chukua kadi fupi ya kimo cha chini.

*Pawa saplai mpya ni ya nyaya za kuchomoa. Nyaya za ile ya zamani zinaingia vizuri, nizitumie?* (Mbarara)

Kuingia si kufanana. Upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka, na waya usio wake utapeleka volti 12 mahali pa 5. Diski ndiyo hufa kwanza.

*Nikigusa kasha kwa mkono mtupu naumwaumwa na umeme. Pawa saplai imeharibika?* (Busia)

Kuna uwezekano mkubwa kwamba soketi yako haina ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini. Kichujio kilicho ndani ya pawa saplai hupeleka umeme kidogo kwenye bati. Ethi ikikosekana, bati linakaa kwenye karibu volti 120, zenye mkondo mdogo sana. Kuna nyumba nyingi za kupanga zenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hamna waya. Mwite fundi umeme aipime, na usichomeke kebo ya HDMI kwenye TV mashine ikiwa inawaka hali iko hivyo.

*UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA itabeba RTX 4070?* (Kampala)

VA si wati. Soma wati zake: nyingi za 650VA hutoa 360 hadi 390. Kadi hiyo ni wati 200, prosesa ikiongezwa pamoja na upotevu wa pawa saplai utapita hapo katikati ya gemu, na UPS itazima kila kitu palepale umeme ukikatika. Chukua ya wati 600 kwenda juu, na uizime mashine mara moja. Betri si ya kumalizia mechi.