Nilichomoa antena, redio ikaungua hata hivyo

Mkuu, umeuliza kama kuchomoa waya wa antena mawingu yakitanda kunatosha kuiokoa redio ya mawasiliano isiunguzwe na radi. Nami niliamini hivyo miaka mingi, mpaka radi ilipopiga mti wa jirani, hatua kama hamsini kutoka kwenye mlingoti wangu. Antena nilikuwa nimeichomoa. Lakini saplai ya redio (kifaa kinachoipa umeme) ilikuwa bado kwenye soketi ya ukutani, kebo ya USB ilikuwa bado kati ya redio na kompyuta, na kompyuta ilikuwa imeungwa na rauta. Rauta ikafa, kompyuta ikafa, redio nayo ikafa upande ule ule wa USB. Upande wa antena, ambao ndio niliouhofia, fundi aliukuta mzima.

Nyumba yenyewe haikupigwa. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, na mkondo huo hupanda ndani ya maikrosekunde chache, kwa hiyo kila waya mrefu ulio karibu hupata volti bila kuguswa. Sasa kama umeme unaingilia mbele ya nyumba, intaneti nyuma na antena dirishani, volti ya kila waya inapanda kivyake. Zinapokutana ni ndani ya redio yako.

Ndiyo maana siku hizi nyaya zangu zote zinaingilia mahali pamoja. Nje ya ukuta nimefunga bamba la shaba, na koaksi (kebo ya antena), waya wa mota ya kuzungushia antena na waya wa intaneti vyote vinapita hapo kupitia vizuia radi, yaani vifaa vya kumwaga umeme wa ghafla ardhini. Bamba limeungwa na ethi (waya na fimbo za kupeleka umeme ardhini) ya mlingoti na ethi ya umeme wa nyumba. Hapo kwenye kuunga ethi ndipo wengi tunapokosea: mtu anachimbia redio fimbo yake peke yake, akidhani ameitenga na balaa. Radi ikipiga karibu, volti ya ardhi kwenye fimbo moja na kwenye nyingine hutofautiana kwa maelfu, na njia ya kuziunganisha inakuwa redio. (Kugusa ethi ya umeme ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, usijaribu mwenyewe.)

Urefu wa waya wa ethi nao una hila. Mita moja ya waya ina takriban maikrohenri 1, kipimo cha jinsi waya unavyopinga mkondo unaobadilika ghafla. Mkondo ukipanda kwa ampea 10,000 kila maikrosekunde, hiyo ni volti 10,000 kwa kila mita! Redio iliyoko ghorofani na waya wa mita sita kwenda chini, kwa radi ni kama haina ethi, hata kama kifaa chako cha kupimia umeme kinaonyesha ohmu karibu sifuri. Tumia utepe mpana wa shaba, mfupi, usio na kona kali. Fimbo za ethi zikiwa na urefu wa mita 2.4, ziachanishe karibu mita 5. Na usibane shaba moja kwa moja kwenye chuma cha mabati, zinki italika.

Vizuia radi vya kibomba cha gesi ni vizuri, ila bila ethi nzuri ni mapambo tu. Radi ikigonga mlingoti wenyewe, hakuna anayeweza kukuahidi kitu.

Kuchomoa bado nachomoa, ila ncha ya kebo inabaki nje kwenye bamba, siyo sakafuni nyuma ya meza. Wazee walikuwa wanaitumbukiza kwenye chupa ya kioo, na mimi nimewahi kufanya hivyo, nacheka nikikumbuka. Kitu kilichoruka kilomita nzima za hewa kitazuiwa na chupa?

Ukishasikia ngurumo usiguse kebo yoyote, umechelewa. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mimi huchomoa kila nikimaliza kuongea, hata jua likiwaka, na ile kebo ya USB ndiyo ya kwanza.

Chora nyumba yako na uonyeshe kila waya unapoingilia, uiweke hapa, tuone bamba likae wapi.